Anaweza Kwenda

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa koti lake jeupe, kisha akasema kwa Kiingereza: "He can go."

Mama alikuwa akinitazama mdomo. Tangu tufike katika hospitali ile ya Kitwe, ng'ambo ya mpaka, alikuwa akinitazama mdomo jinsi mtu anavyotazama bomba katika mtaa ambao maji hayaji kila siku. Hakujua Kiingereza hata cha kuomba kiti.

"Iko nasema nini?" aliuliza.

"Anasema Papa anaweza kwenda."

Mama alipiga makofi mara moja, akainua uso. "Aksanti, Mungu wangu. Aksanti." Alikaza kikwembe chake kiunoni, akarudi wodini haraka kama msichana, kwenda kukunja mablanketi.

Mimi nilibaki palepale koridoni. Daktari naye alibaki. Alikuwa mtu wa makamo kutoka kusini mwa Zambia, asiyejua Kiswahili wala Kibemba, na mabega yake yalikuwa yameshuka kama ya mtu aliyebeba gunia tangu alfajiri. Nikamwuliza kwa sauti ya chini: kwenda nyumbani, au kwenda?

Alinitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Nyumbani, alisema, na ni afadhali tumpeleke angali anaweza kukaa garini. Alivaa tena miwani yake. Halafu akaongeza, kama anayeomba radhi kwa ajili ya lugha nzima, kwamba na kule kwingine pia, kusikorudi mtu, na si mbali.

Niliegemea ukuta. Ulikuwa wa baridi, umepakwa rangi ya kijani hadi usawa wa bega, na mahali pale rangi ilikuwa imelika kwa migongo ya watu walioegemea kabla yangu.

Huu ni mwaka wa tatu sasa tangu siku ile, na bado ninafundisha Kiingereza katika shule ya sekondari hapa Lubumbashi. Mtu anayefundisha lugha kwa muda mrefu huishia kuwa na maneno anayoyachukia. Langu lilikuwa hilohilo, go. Wanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho hawaogopi maneno marefu, kwa sababu maneno marefu ni binamu za Kifaransa. Wanayatambua kwa sura. Kinachowashinda ni kile kitenzi kifupi cha kwenda. Maziwa yakichacha, Mwingereza anasema yamekwenda mbaya. Taa ikizimika, imekwenda nje. Kengele ikilia, imekwenda. Mtu akipata wazimu, amekwenda wazimu, na chakula kikiwatosha wageni wote, basi kimekwenda mzunguko. Kesho nitafua nguo? Ninakwenda kufua, hata kama sinyanyuki kitini. Niliandika haya ubaoni kila mwaka, chaki ikinikausha vidole, na kila mwaka nyuso zilezile za kukata tamaa zilinitazama.

Ni Papa aliyenirudishia kitenzi kile kikiwa na uhai.

Papa aliitwa Adalbert. Alikuwa mtu wa reli. Alikuja Lubumbashi akiwa kijana kutoka kaskazini, upande wa Kabalo, na maisha yake yote ya kazi yalipita katika yadi ya stesheni, akifunga na kufungua mabehewa. Alipostaafu, hakuwa mtu wa baa wala wa siasa. Aliketi sebuleni kwetu Kamalondo, nyuma ya pazia, na Jumamosi mchana nilipokuwa nikiwasaidia wanafunzi wachache nyumbani, alikuwa akisikiliza. Nilidhani anasinzia.

Jumamosi moja, watoto walipokwisha kuondoka, sauti yake ilitoka nyuma ya pazia.

"Prof." Ndivyo alivyoniita tangu nipate diploma, nusu kwa heshima na nusu kwa utani. "Ile verbe yako njo locomotive ya manœuvre."

"Namna gani, Papa?"

Akanieleza kwa nini kitenzi changu ndicho kichwa cha kupangia mabehewa. Katika kila yadi kuna kichwa kidogo cha treni ambacho hakisafiri. Hakijapata kuona Kamina, hakijapata kuona Likasi. Kazi yake ni kusukuma na kuvuta mabehewa humo humo stesheni. "Lakini hakuna behewa yenye ilitoka pale bila yeye. Unaifunga on, inapeleka fasi ingine. Unaifunga off, inapeleka fasi ingine. Yenyewe iko tu ile ile. Bantu banaizarau juu iko kadogo."

Kuanzia siku ile tulikuwa na mchezo wetu. Nilipoingia kutoka kazini, kabla sijaweka mkoba, aliniuliza, "Leo behewa gani?" Nilimpa moja. Alilishika. Umeme ulipokatika wakati wa chakula, na Kamalondo umeme hukatika, tulisikia sauti yake gizani: "Gone out." Mdogo wangu Sylvain alicheka hadi akapaliwa na bukari, ule ugali wetu.

Mama hakucheka. Jina lake Madeleine, naye alikuwa na lugha zake mbili, akaona zinamtosha. Kwetu sisi watoto alisema Kiswahili cha mjini; na Papa, chumbani mwao, alisema Kiluba. Mlango wa chumba kile ndio uliokuwa mpaka. Sisi tuliozaliwa mjini tulibaki na salamu, majina ya vyakula na matusi mawili matatu. Walikuwa na nia ya kutufundisha, nadhani, lakini shule ilitaka Kifaransa, barabara ilitaka Kiswahili, na jioni wote wawili walikuwa wamechoka.

Kisha Papa akaanza kukonda. Macho yake yaligeuka rangi ya manjano, tumbo likavimba na miguu ikabaki vijiti. Ilikuwa ini. Madaktari wa hapa mjini walifanya walichoweza, wakatuambia waziwazi walichokiona, lakini Sylvain alisikia habari za bingwa mmoja wa Kitwe, na unaposikia habari kama hizo huwezi kukaa. Tulivuka mpaka wakati wa baridi, Papa akiwa amevikwa makoti mawili. Mimi niliomba ruhusa shuleni, nikawa mdomo wa familia. Niliuliza dawa ni ya nini. Niliuliza sindano ni ya nini. Niliwatafsiria manesi maumivu ya baba yangu, na kuna aina za maumivu ambazo mtoto hapaswi kutafuta neno lake. Mama alilala chini ya kitanda cha mgonjwa, juu ya kitenge, akiamka kila Papa alipojigeuza. Sikuwahi kumwona amefumba macho mchana.

Kwa hiyo asubuhi ile, baada ya daktari kusema maneno yake, tulimweka Papa kwenye gari la Sylvain. Mama aliketi mbele. Alikuwa anapanga: tukifika atamchemshia Papa majani ya mulenda, ataenda misa ya asubuhi kushukuru, atamwambia jirani yake Mama Gracia arudishe kitanda alichoazima, kwa kuwa sasa kitahitajika. Sylvain aliendesha bila kumtazama. Nilikuwa nimemwambia yeye ukweli pale nje, tulipokuwa tukipanga mizigo, naye alikuwa ameufunga mdomo wa begi moja mara kadhaa kama begi linalokataa kufungika.

Mimi niliketi nyuma na Papa. Kichwa chake kilikuwa begani kwangu, chepesi. Tulipita Chingola, tukapita malori ya kwanza yaliyosimama kando ya barabara, na nyasi zilizoungua pande zote mbili. Mama alisinzia mbele, kichwa kikigonga kioo, usingizi wa mtu aliyepata habari njema. Ndipo Papa aliponong'ona.

"Prof."

"Papa."

"Munganga alitumika na ile verbe?"

Sikujifanya sielewi. "Ndiyo, Papa."

"Na behewa gani nyuma?"

Nilitazama nje. Mwanamke alikuwa akivuka barabara na ndoo kichwani, bila haraka, mbele ya magari yote.

"Hakufunga behewa," nilisema. "Aliisema peke yake."

Nikahisi kidevu chake kikitikisika begani kwangu, juu na chini, kama mtu anayekubali hesabu iliyofanywa vizuri.

"Ambia mama yako," alisema. "Miye sitaweza. Nikimuangalia, sitaweza."

Tulifika Kasumbalesa jua likiwa utosini. Lori moja lililobeba chokaa lilikuwa limevunjika ekseli katikati ya njia ya kuelekea kizuizini, na nyuma yake kila kitu kilikuwa kimesimama: malori, mabasi, magari madogo, watu wenye mizigo vichwani wakipenya katikati. Vumbi jeupe la chokaa lilikuwa limeanguka juu ya kila kitu, hata juu ya kope za watu. Madereva walilala chini ya malori yao. Wabadilishaji wa pesa waliketi juu ya viti vyao vya plastiki wakipiga miayo. Hata wao.

Sylvain alizima injini, akashuka kwenda kumtafuta Hénoc, rafiki yake anayeshughulikia karatasi za forodha pale mpakani. Mama aliamka.

"Tulifika?"

"Ni mpaka, Mama. Kuja tunyooshe miguu."

Nilimpeleka hadi kwenye kivuli cha lori moja, mahali ambapo Papa hakuweza kutuona. Kulikuwa na harufu ya mafuta ya dizeli na ya samaki wakavu. Katika njia nzima nilikuwa nimetafuta sentensi. Nilizipanga kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, nikazipangua. Mwishowe sikutumia hata moja.

"Mama, munganga hakusema Papa alipona."

Alinitazama mdomo.

"Alisema tumupeleke nyumbani juu hakuna kingine. Papa anatuacha, Mama. Si siku nyingi."

Hakupiga kelele. Aliweka kiganja chake juu ya tairi la lori, tairi lililokuwa refu kumpita kifua. Akauliza, polepole, "Ni Kizungu yako njo inasema vile, ao ni yeye njo alisema?"

"Ni yeye. Nilimuuliza tena."

"Na Papa anajua?"

"Njo yeye alinituma."

Hapo uso wake ulibadilika. Si kwa huzuni, ile ilikuja baadaye. Kwa kitu kama hasira ya mke aliyekuta mume ameamua jambo la nyumba bila yeye. Aliomba maji. Nilimnunulia kijifuko kwa msichana aliyekuwa akipita, akakipasua kwa meno, akanawa uso, akajifuta kwa ncha ya kikwembe. Chokaa ilibaki kwenye nywele zake za mbele.

"Miye nilikuwa nasinzia," alisema. "Barabara yote nilikuwa nasinzia."

Kisha akanipita, akafungua mlango wa nyuma wa gari, akaketi mahali nilipokuwa nimekaa, na akaufunga.

Nilisimama nje. Kioo kilikuwa wazi kidogo, nikasikia sauti yake ikianza kusema Kiluba.

Mwanzoni ilikuwa kali. Papa alijibu kwa neno moja moja. Baadaye sauti yake ikashuka, ya Papa ikapanda kidogo, zikawa katika usawa mmoja. Nilishika jina la Kabalo. Nilishika jina la marehemu kaka yetu mkubwa, ambalo halikuwa limetajwa nyumbani kwetu tangu nikiwa msichana. Nilishika neno la mihogo. Mengine yote yalinipita. Nilikuwa nimekuwa mdomo wa watu wote hawa, nimebeba maneno kutoka kwa daktari hadi kwao na kutoka kwao hadi kwa daktari, na sasa wazazi wangu walikuwa wakisemezana hatua moja kutoka nilipo, nami nilikuwa kama mama yangu kule koridoni. Nilijikuta nikiwatazama midomo.

Mara Mama akacheka. Kicheko kifupi, cha puani, ambacho sikukijua.

Sylvain alirudi akikimbia, Hénoc nyuma yake. Hénoc alikuwa kijana mwembamba mwenye kofia ya sufu. Alisema kuna njia nyuma ya maegesho ya malori, amekwisha kuzungumza na mlinzi, tunaweza kupita sasa hivi hadi kizuizini, lakini ni sasa hivi. Wengine wakiiona itajaa, na jioni mpaka unafungwa.

"Tuende," Sylvain alisema, mkono tayari kwenye mlango wa dereva.

Nilimshika mkono. "Ngoja kidogo."

"Ngoja nini?"

"Acha bamalize."

Alitazama ndani ya gari, akaona vichwa viwili vimekaribiana. Akanivuta kando, mimi dada yake mkubwa. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi na kwa mengine.

"Yaya, Papa akikufia huku, unajua itakuwa nini? Unajua banapitishaka maiti namna gani hapa? Tutamuacha mu chumba ya maiti, mu baridi ya bantu, tukitafuta karatasi. Munganga alisema tumupeleke!"

Nilijua. Kila alichosema kilikuwa kweli. Nilikuwa nimechoka sana, na hakuna nilichotaka kama kuvuka, kufika, kulala. Lakini nilijua pia nyumba yetu. Tukifika, ua utakuwa umejaa: shangazi, majirani, wanaparokia wa sala, mtu mmoja kichwani na mwingine miguuni. Hapatakuwa tena na mlango wa kufunga.

"Nyumbani nani atamupata peke yake?" nilimwuliza. "Mama atamupata saa ngapi?"

Hénoc alitutazama mmoja baada ya mwingine, akasema yeye hawezi kusubiri, akaondoka kuongoza gari jingine. Sylvain aliketi chini kwenye vumbi, mgongo kwenye gurudumu la mbele, na akafunika uso kwa mikono. Niliketi kando yake. Juu yetu, ndani ya gari, Kiluba kiliendelea, polepole, pamoja na vituo virefu, kama watu wanaotembea pamoja na mmoja wao hawezi kwenda haraka. Nilikuwa nikiogopa kila kituo. Kila waliponyamaza nilihesabu pumzi zangu mwenyewe hadi sauti ya Papa irudi.

Kivuli cha lori kilitufikia, kikatupita. Jua lilikuwa limeanza kuegemea upande wa machimbo kioo kilipogongwa kutoka ndani. Ilikuwa pete ya Papa, iliyokuwa ikimlegea kidoleni.

"Bon," alisema. "Tuende."

Sylvain aliruka, akakimbia kumtafuta Hénoc, akamkuta kwa wabadilishaji wa pesa. Njia ya nyuma ilikuwa bado inapitika. Tuliyumba kati ya malori, matairi yakizama kwenye mashimo, Mama akikishika kichwa cha Papa kwa mikono yote miwili kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa. Kizuizini, mkaguzi wa upande wa Zambia aliinama dirishani. Aliziona pasi zetu, aliuona uso ule wa manjano katikati ya makoti. Akauliza kwa Kiingereza, kwa upole, mzee anakwenda wapi.

Nilifungua mdomo kutafsiri. Papa hakuningoja.

"I am going home," alisema.

Ilikuwa sentensi nzima, kila neno mahali pake. Mkaguzi alijinyoosha, akarudi hatua moja, akainua mkono ili tufunguliwe.

Papa alifika nyumbani. Alikaa nasi muda wa kutosha ua kujaa, kama nilivyojua utajaa, na paroko kuja, na Mama Gracia kurudisha kitanda. Alikufa mchana mmoja wa juma lililofuata, shangazi zetu wakiimba sebuleni, na Mama hakuwa hata karibu na kichwa chake; alikuwa jikoni, akiwagawia wageni sahani.

Kilio kilipokwisha, viti vya kukodi vikarudishwa, mahema yakashushwa. Asubuhi moja tulikuwa wawili tu uani, tukichambua sombe, majani ya mihogo. Wiki zote zile nilikuwa nimejizuia, na asubuhi ile uchovu ulinishinda hata nguvu ya kujizuia.

"Mama, kule Kasumbalesa mulikuwa naongea nini?"

Aliendelea kukata mashina. "Mambo mingi." Baada ya kitambo akasema, "Ya nyumba. Ya mutoto wetu wa kwanza. Bintu bya zamani."

Nilidhani ndiyo yote. Alichukua jani lingine, akaligeuza, akalitazama upande wa chini.

"Aliniuliza kama niko nachoka."

"Na wewe?"

"Nilimuambia hapana." Alilitupa jani katika beseni. "Akanicheka. Akasema, Madeleine, nikimaliza kuenda, ulale."

Juu ya ukuta mtoto wa jirani alikuwa akiita mbwa. Mama alitazama beseni, akatazama mikono yake iliyopakwa kijani, kama vile haikuwa yake. Aliinuka kwa kujishikilia goti, akanawa kwenye ndoo, akajifuta. Kisha akaingia chumbani mwao, na jua likiwa limekwisha kupanda juu ya paa, akafunga mlango.

Haukupita muda Mama Gracia akachungulia getini, sahani ya mikate mkononi.

"Mama iko wapi?"

"Amelala," nilisema.

Alitazama jua, akanitazama. Aliiweka ile sahani juu ya kiti bila kelele, akaondoka kwa ncha za vidole. Nami nikalivuta beseni karibu, nikamalizia sombe peke yangu.